Puti Juu ya Kutu

Bisibisi ilizama ubavuni mwa boti hadi kwenye mpini. Mkurugenzi aliichomoa upesi, akatazama kushoto na kulia, kisha akaanza kupiga mluzi.

Cheo hicho alijipa mwenyewe. Hakuwa na ofisi wala mfanyakazi. Alikuwa na boti moja ya chuma, iliyoliwa na maji ya chumvi miaka yote aliyokuwa akisema ataikwangua wiki ijayo. Sasa mnunuzi alikuwa njiani.

Dawa ya kutu kila mtu pale karakanani aliijua: kwangua mpaka chuma king'ae, kata palipooza, chomelea bamba jipya. Mkurugenzi alijaza matundu magazeti, akakandika puti juu yake, akapiga msasa na rangi ya bluu. Hata vipande vya zinki, vinavyofungwa chini ili chumvi ivile vyenyewe na kuliacha bamba, alivipaka rangi. Eti vilimharibia urembo.

"Umeivisha maiti suti," fundi wa kuchomelea alimwambia.

"Watu wananunua suti, fundi."

Mama yake, muuza chai wa pale getini, alikuja na kikombe chake. "Mwanangu, kabla hujaiuza si ungenivusha nikamwone dada yangu? Kila siku unaniahidi."

Mkurugenzi alishtuka. Kama kuna mtu aliyempenda duniani, ni huyu. "Mama, boti hii usiikanyage. Nitakukatia tiketi ya meli."

Kibaya chajitembeza, lakini hiki kilitembezwa kwa brashi, na mnunuzi akakipenda. Alikuwa mtu mpole, kazi yake kuvusha abiria. Alibonyeza viti, akajaribu honi, akasifia bluu. Ubavuni hakugusa. Wajinga ndio waliwao, Mkurugenzi akajisemea moyoni.

"Ila itavuka, kaka? Nabeba roho za watu."

"Boti hii? Hata mama yangu mzazi ningempandisha leo hii!"

"Yule wa chai getini, aliyeniambia wewe ni mwanawe?"

"Huyo huyo!"

Wakapeana mikono.

Siku ya safari ya kwanza, Mkurugenzi alikaa kwa kinyozi, shingo imefungwa kitambaa, akisimulia alivyomuuzia mtu magazeti kwa bei ya chuma. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kinyozi ilibidi aweke wembe chini.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake, na nyuma ya sauti yake injini ilikuwa ikinguruma.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie! Nakwenda kwa mama yako mkubwa. Yule mnunuzi wako kanichukua bure, kasema wewe mwenyewe umeniruhusu. Abiria walikuwa wanasitasita, basi kanikalisha mbele kabisa wanione, wote wakapanda. Tupo mbali, hata mji siuoni vizuri! Ila hebu niambie, baba, mbona huku miguuni yanaelea magazeti?"