Kelele za Maktaba

Bi Kakakuona alitunza maktaba ya msituni, na sheria yake ilikuwa moja tu: kimya. Siku moja akaja Fuko, ambaye ni kipofu, akasema, "Mama, hata mimi napenda vitabu." Tangu hapo Bi Kakakuona akawa anamsomea kwa sauti kila jioni.

Nyani, msomaji mkubwa, akanuna. "Hii ni maktaba au soko?" Akaondoka, kitabu akakiacha katikati.

Miaka ikapita, macho ya Nyani yakaingia ukungu. Akarudi akipapasa ukuta. "Kile kitabu sikukimaliza," akasema kwa aibu, "na sasa sioni."

Fuko akamsogezea kiti. "Kaa, mzee wangu. Mimi nilisomewa chote." Akamsimulia mpaka mwisho.

Nyani akamgeukia Bi Kakakuona. "Mama, ahsante kwa zile kelele."