Mifugo ya Darini

Tangu kumbikumbi wawe nyama ya taifa, kuua mchwa ni kosa, maana bila mchwa hakuna kumbikumbi. Siwema alilijua hilo, lakini mchwa walikuwa wamefika kwenye boriti iliyo juu ya kitanda cha mama yake, mgonjwa asiyeweza kuinuka.

"Nipulizie dawa boriti hii moja tu!" alimfokea mkaguzi wa serikali aliyekuja kuwakagua mchwa.

"Dada, hiyo ni mifugo."

"Na mama yangu ni nini?"

Mkaguzi aligonga boriti, ikalia kama debe tupu. "Wamenawiri," alisema. "Mhamishe mgonjwa."

"Nimpeleke wapi? Chumba cha pili mmewapa wao!"

Mkaguzi alipotoka, Siwema aliubamiza mlango. Boriti ikalia, unga wa mbao ukamwagikia mama usoni.

Siku hizi Siwema hufunga mlango taratibu.