Mjumbe wa Giaboksi

Mgeni aliingia Nanyala kinyumenyume. Pikapu nyeupe ilitambaa pembeni mwa barabara kuu, matako mbele, taa za hatari zikiwakawaka, na kijana aliyeiendesha alikuwa amepinda shingo kama kuku anayemtafuta mwewe. Akakata kona hivyo hivyo hadi uani kwa mama Tabita, akazima, akashuka akiwa bado anaangalia nyuma.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kuingia hivi. Imebaki na rivasi peke yake tangu Mlowo."

Tabita hata shikamoo hakuiitikia. Alikuwa ameshaitambua pikapu: ni Jasiri, aina ileile ya magari yao. Akainua mikono juu.

"Mungu ni mwema! Abrahamu, njoo uone! Imeharibika!"

Wenye Jasiri walikuwa wamejaa uani tangu asubuhi. Mwaka mzima walilalamika kwamba giaboksi za magari hayo zinaruka gia mteremkoni. Rabson wa Isansa aliwahi kuingia na magunia ya kahawa hadi katikati ya sherehe ya harusi, bibi harusi akapiga vigelegele akidhani ni zawadi. Abrahamu, mdogo wake Tabita, hakupata bahati hiyo; sasa alitembea kwa mkongojo. Kampuni iliyoyaingiza magari ilijibu siku zote kwamba magari ni mazima, madereva ndio wabovu. Mwishowe ilikubali kutuma mjumbe, mara moja tu. Akiridhika kwamba ni mabovu, magari yote yataitwa yarudi, yafungwe giaboksi mpya. Asiporidhika, msimu wa kahawa ndio huo unaanza, na miteremko iko palepale.

Na leo, siku ya mjumbe, magari yote yalitembea kama malaika. Gwantwa alikuwa amelipandisha na kulishusha lake kilimani hadi mafuta yakakaribia kwisha. Gia haikuruka.

"Wiki iliyopita niliomba lipone," alisema, karibu kulia. "Leo naomba liumwe, nako sisikilizwi."

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa kivulini, kwenye kochi lililotolewa sebuleni: suti ya kijivu, mkoba miguuni, paja la kuku mkononi. Hakuna aliyemuuliza neno. Kwa kina Tabita mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajashiba na kunawa. Ukimuuliza ni kama unamhesabia matonge. Kila gari kubwa lilipopita barabarani alinyanyuka kidogo, akachungulia.

"Huyo ni mtaalamu," Rabson alinong'ona. "Anasikiliza wanavyobadili gia."

Tabita akamwongezea mchuzi, naye akaketi tena.

Kijana wa rivasi alikuwa akiyazungukia magari, uso umemshuka. "Mama, hizi zote ni Jasiri?"

"Zote."

"Na zote zina tatizo? Maana mimi nimetok—"

"Kula kwanza, mwanangu."

Akapewa sahani. Alikula akisikiliza. Habari ya Rabson na bibi harusi ilimfanya apaliwe na ugali, ikabidi apigwe mgongoni. Kisha akauona mkongojo wa Abrahamu, akaacha kutafuna.

"Na wewe ni hiyohiyo giaboksi?"

"Nilikuwa gia ya pili, mara gari likawa halina gia yoyote," alisema Abrahamu. "Naushukuru mparachichi."

"Mparachichi gani?"

"Ulionisimamisha."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Abrahamu mwenyewe. Tabita akamsogelea kijana, akashusha sauti.

"Mwanangu, leo lako ndilo pekee linaloumwa. Usiliguse hata boliti. Tukisimama pale mbele, utasema yaliyokupata?"

Kijana alimtazama yule wa kwenye kochi, akamtazama Tabita. "Gari si langu, mama. Ni la kazini. Wakisikia nimelisema vibaya, kazi sina."

"Basi acha. Usije ukapata matatizo kwa ajili yetu. Una mtoto?"

"Ninaye, mdogo." Macho yake yalirudi kwenye mkongojo, yakakaa hapo. "Nitasema. Nakuahidi."

Maji ya kunawa yakapitishwa. Watu wakajipanga mbele ya kochi, wanaume wakavua kofia. Tabita alikuwa amejifunza hotuba hii mbele ya ng'ombe wiki nzima.

"Mheshimiwa," akaanza, "kabla hujatamka neno, tunaye shahidi."

Mwenye suti akainua kidole. "Samahani, mama, mimi—"

"Usiwe na haraka, baba. Msikilize kwanza."

Kijana akasimama. Hakumgeukia mwenye suti. Alitoa simu, akapiga, akaiweka kwenye sauti ya juu watu wote wasikie.

"Bosi, ni Yonasi. Nimefika Nanyala."

"Umeshawaambia kwamba magari hayana shida?"

"Yana shida, bosi. Hata hili mlilonipa nije kuwaonyesha kuwa magari ni mazima, nimeingia nalo kinyumenyume."

"Yonasi! Una akili timamu wewe? Nilikutuma ukaseme nini?"

"Nimewaahidi nitasema nilichokiona. Na wanakusikia, bosi. Wengine wanarekodi."

Gwantwa, ambaye hakuwa akirekodi, akatoa simu yake haraka. Upande wa pili mtu akashusha pumzi ndefu.

"Haya. Waambie yataitwa yarudi yote. Na wewe acha funguo hapohapo, urudi kwa basi. Kazi huna."

Yonasi akaziweka funguo kwenye kiganja cha Tabita. Halafu uwanja mzima, taratibu, ukageuka kumtazama mtu wa kwenye kochi.

"Tutaenda wote, kijana," alisema, akijifuta mafuta kidevuni. "Hata mimi nasubiri basi la Mbeya tangu asubuhi, kila moja likipita nataka kuaga, naongezewa kuku."