Jiwe la Kusagia

Mwalimu Melkiades aliona kwamba upande mmoja wa jiwe ulikuwa umelainika kwa kusagia. Hata hivyo akalipiga nyundo. Likapasuka, chembe zake zikang'aa mbele ya darasa.

"Mistari hii imetokana na joto na uzito wa ardhi," akasema. "Zamani jiwe hili lilikuwa mwamba wa aina nyingine."

Msichana aliyelileta akainamisha kichwa.

Ndipo bibi yake akatokea mlangoni. "Amahoro, mwalimu. Nakuja kuchukua jiwe yangu ya kusagia mutama. Nilitoka nayo Tanzania ku kichwa."

Melkiades akasimama mbele ya meza ili avifiche vipande.

"Bado tunalisoma, mama. Njoo kesho."

"Murakoze cane," bibi akashukuru, akampa mkono.

Kiganja cha Melkiades kilikuwa na vumbi la jiwe.