Neno Lisilokuwamo

"Nishike vizuri, bwana, nife kwa heshima," alisema Kigingi, na ukumbi mzima ukacheka.

Katika mchezo wa kuigiza waliokuwa wakiufanyia mazoezi, aliigiza rafiki anayebeza mapenzi, hadi anapochomwa kisu katika ugomvi wa mapenzi ya mwenzake. Sehemu hiyo haikumpa taabu. Hata karakanani, alikochomelea vyuma tangu ujana pamoja na huyo aliyeigiza mwenzake, wimbo wake ulikuwa huohuo: "Mapenzi ni kikohozi, ndugu yangu. Hayafichiki, na yanasumbua majirani."

Mwenzake huyo alikuwa anaoa kweli Jumamosi na kuhamia mji wa mchumba wake. Kigingi alilicheka hilo pia.

Sasa alilala mapajani mwa mwenzake. Alitakiwa aseme, "Nayalaani mapenzi yenu," kisha akate roho. Badala yake vidole vyake, vyenye makovu ya cheche, vilikamata shati la bwana harusi.

"Usiende," alisema.

Neno hilo halikuwamo.

"Umesahau tena!" mwelekezaji alifoka. "Mlaani, ufe!"

Watu wakacheka. Bwana harusi alihisi kifungo cha shati kikikatika. Angeweza kucheka nao. Ndivyo walivyozoea kuokoana. Lakini macho ya Kigingi yalikuwa yanangoja jibu.

"Haya, mlaze chini, toka mbio!" mwelekezaji alisema. "Mpenzi wako anakusubiri."

Bwana harusi hakuinuka.

Kigingi akavilegeza vidole mwenyewe, kimoja kimoja.

"Nenda, bwana," alinong'ona, akifumba macho. "Mimi nimeshakufa."