Tundu la Ethi

Plagi ya mashine ya oksijeni ilichomoka tena. Waya wake mzito, badala ya kuning'inia, ulitokea juu, upande wa pini ya ethi, ile ndefu ya usalama, ukajikunja na kuivuta. Binti ndiye aliyeifunga ukutani soketi yake, ya pekee chumbani, kama baba yake, fundi umeme mstaafu, alivyomfundisha: tundu la ethi juu, hakuna mjadala.

“Baba, naigeuza.”

Mzee hakuwa na pumzi ya kubishana.

Binti akazima umeme, akafungua skrubu, akaipindua soketi. Nyuma yake pumzi za mzee zilikwaruza kama msumeno.

Akachomeka plagi, akawasha. Mashine ikanguruma. Taratibu, kucha za mzee zilizopiga weusi zikarudiwa na rangi. Binti akaketi palepale sakafuni.

“Ethi iko chini,” mzee akanong'ona.

“Ndiyo, baba.”

“Sasa siku zote ulikuwa unangoja nini, mwanangu?”