Kuku Alivyolilima Tuta la Fuko

Enyi waungwana mliohudhuria, mlioketi mbele na mliosimama nyuma, nipeni masikio yenu.

Fuko alipanda mchicha mara mbili, na mara mbili Kuku akazifukua mbegu zote akazila. Ikabaki konzi moja tu ya mbegu aliyoiweka akiba shimoni, nayo ndiyo tegemeo la wanawe kwa kiangazi kizima. Fuko hakulia wala hakuhama. Alitandaza pumba juu ya tuta tupu, akaingia shimoni.

Kuku akaja mbio. "Shoga, hukomi tu? Mimi sichoki kuparura!"

"Nami sichoki kupanda," akajibu Fuko.

Kwa siku saba Kuku aliparura, akala viwavi waliojificha udongoni, akaacha samadi yake. Siku ya nane Fuko alilizungushia tuta miiba, akaiacha samadi ipoe majuma mawili, ndipo akaipanda konzi yake.

Mchicha ulipotanda, Kuku alichungulia ng'ambo ya miiba. "Mbegu hizi umezitoa wapi? Si nilizila zote?"

"Ulikula pumba, shoga. Tuta umenilimia wewe."

Aliyenihadithia kwanza ni Bi Mize binti Haji wa Bumbwini, aliyefuga kuku kumi na wawili wala hakukosa mchicha.